Dawa Isiyopanda Kichwani

Jumatatu, 3 Machi

Leo naanza. Daftari hili mwenzangu alilinunua kwa mambo yake ya jikoni, hakuandika hata mstari. Nimelichukua. Akiamka aseme. Ningefurahi aseme!

Herufi zangu kubwa kama nyumba. Sijali. Shule niliiacha mapema, haikuwa na la kunifundisha. Kusoma nilijifunza kazini, kwenye vibao: VUTA. SUKUMA. USIEGESHE HAPA. Na bado naandika. Wangapi mtaa huu wanaweza kukaa wakaandika siku yao? Cherehani, fundi nguo jirani yangu, hata sahihi yake ni kama uzi uliokatika.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Mwenzangu analala. Ule mkanda wa jeshi ulimshika ubavu wa kushoto. Malengelenge yakaja, yakapasuka, yakakauka. Ngozi ikapona, tukashukuru. Kumbe maumivu hayakuondoka na malengelenge! Nguo ikimgusa pale, anasema ni pasi ya moto. Shuka, vilevile. Upepo wa feni, vilevile! Mwenye kovu usidhani kapoa. Wahenga walimwona mke wangu.

Daktari kampa vidonge. Akimeza, maumivu yanapungua. Na yeye anapungua.

Asubuhi nimempelekea chai. Nusu imemwagikia sahanini, kama kawaida yangu. Akaipokea, akasema, asante.

Asante! Mwanamke huyu tangu nimuoe hajaiacha chai iliyomwagika ipite bila kesi. Nimeogopa kwa kweli.


Jumatano, 5 Machi

Kalala. Kaamka, kala vijiko vitatu, kauliza leo siku gani, kalala.

Cherehani kaja kucheza drafti. Nimemfunga. Ananiuliza, yule kitinda mimba wako bado yuko kwenye ile kampuni ya dawa? Nikamwambia yuko, na kapandishwa, sasa ni kiongozi. Kiongozi wa nini? Nikamwambia: mambo ya mapokezi. Kafuata kazi ya baba yake! Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Maana mimi nilikuwa mtu wa mapokezi. Hoteli kubwa kuliko zote mjini. Milango ya vioo, mazulia. Mabalozi walinipa mkono. Mwenzangu hupenda kusema nilikuwa bawabu tu. Bawabu, mapokezi, tofauti ni hatua chache kutoka mlangoni hadi mezani, na hatua hizo nilizitembea kila siku nikibeba mizigo.

Nilimtazama kitandani baada ya kusema hivyo, kwa sauti kubwa, makusudi. Nilingoja aniite bawabu asiye na mlango. Kalala. Nywele zimemlalia usoni. Nimezitoa.


Jumamosi, 8 Machi

Mambo ya leo!

Kitinda kaja kumwona mama yake. Ndivyo tunavyomwita mpaka leo, ingawa ana mvi mbili ambazo nimezikataza zisiongezeke. Hajakaa vizuri, Cherehani huyu hapa mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni. Akamuuliza: mwanangu, huko mapokezini kwenu mnavaa sare? Maana mkinipa kazi ya kuzishona nitakupa bei ya jirani.

Kitinda akamwangalia. Akaniangalia mimi. Baba, umewaambia watu mimi nafanya kazi wapi?

Nikasema, si ulisema wewe mwenyewe? Siku ile ulipofaulu. Ulisema unashughulika na mapokezi ya seli.

Vipokezi, Baba! Vipokezi!

Cherehani alicheka mpaka futi ikaanguka. Nikamwambia aondoke, ana nguo za watu.

Basi Kitinda akaamua kunifundisha, mimi baba yake, sebuleni kwangu. Sikukataa. Alisema mwili wote ni seli, na kila seli ina viti vyake nje ya mlango. Hivyo ndivyo vipokezi. Habari ikija, inakaa kitini, na ndani wanajua. Njaa ni habari. Hofu ni habari. Maumivu nayo ni habari. Mama ngozi imepona, akasema, lakini mishipa yake ya fahamu inaendelea kutuma habari ileile, usiku na mchana, na kila ikifika inakuta kiti kiwazi.

Halafu akafanya jambo. Akaenda akakaa kwenye kiti changu. Kiti CHANGU! Akakunja nne. Haya Baba, akasema, kaa.

Nikasema, nitakaa wapi na wewe umekaa?

Ndiyo dawa hiyo, akasema. Haiingii ndani, haisemi kitu. Inakaa tu. Habari ikija haina pa kukaa.

Nilielewa palepale. Hakuna aliyewahi kuelewa upesi hivyo, naapa. Kwa sababu pale hotelini alikuwepo bwana mmoja, kila siku anakuja na gazeti lake, anakaa kiti cha dirishani, haagizi chai, haulizi chumba, hamsubiri mtu. Tulimwita Mheshimiwa Gazeti. Wageni wa maana wakija wanasimama! Kitinda alipiga makofi. Huyo huyo, Baba! Sisi tunatengeneza Mheshimiwa Gazeti.

Nikamuuliza, na hivi vidonge vya hospitali si vinakaa pia? Akasema ndiyo, vina namna yake ya kuituliza mishipa, lakini vinapanda mpaka kichwani, na huko vinatuliza kila kitu. Kuamka. Kukumbuka. Kucheka. Yao wanataka ibaki nje ya kichwa. Kichwa kina ukuta wake, Baba, na ukuta una mlinzi.

Bawabu! nikasema.

Haya, bawabu. Bawabu yule anapenda vitu vya mafuta, anavipitisha. Vinavyopenda maji anavirudisha. Kwa hiyo wameitia molekuli yao mkia unaopenda maji. Molekuli ni kidude chenyewe cha dawa, kidogo kuliko kidogo. Mkia ule unaifanya irudishwe mlangoni pa kichwa, vizuri kabisa. Tatizo: mkia huohuo unaizuia kukaa kitini. Ni kama mtu anayetaka kukaa na mkoba mgongoni. Anakaa upande, anateleza.

Mwenzangu aliamka kidogo tukiwa tunaongea. Kitinda akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono wa kulia, upande usiouma. Mama, tunaitafuta. Mama yake akatabasamu, akasema, asante mwanangu.

Kitinda alitoka nje haraka. Alisema ni vumbi.


Jumapili, 9 Machi

Nimefikiria mkia siku nzima. Nimempigia Kitinda. Nimemwambia: huo mkia uhamishieni pembeni.

Akasema, Baba, tumeshauweka pembeni, mbele, nyuma, juu.

Basi ufupisheni.

Tukiufupisha, inapanda kichwani.

Basi fanyeni kiti kiwe kikubwa!

Akasema kwa upole, kiti ni cha Mama, Baba. Kiti hakiongezwi. Ni mgeni ndiye anayechongwa.

Sawa. Lakini hakuna aliyesema wazo langu ni baya. Alisema tu haliwezekani. Ni mambo mawili.


Jumanne, 11 Machi

Kalala kutwa. Nimezima feni, nimekaa. Joto. Nzi mmoja. Nimemfukuza kwa gazeti, polepole, ili upepo usimguse.

Nimepata wazo kubwa kuliko lile la mkia.


Ijumaa, 14 Machi

Ushindi!

Wazo lilikuwa hili: nguo isiyomgusa. Nimemwambia Cherehani, shona gauni, upande wa kushoto usiguse mwili hata kidogo. Akasema haiwezekani, gauni halielei hewani. Nikamwambia, we fundi au mnadi vitambaa? Tukavunja mwavuli wangu wa zamani wa hotelini, ule mkubwa wa kupokelea wageni mvua ikinyesha. Vyuma vyake akavishona ndani ya gauni, kiunoni hadi kwapani, vikabinuka nje kama tumbo la mtungi.

Tumemvisha leo asubuhi. Nilishika mimi, Cherehani akasimama nje ya mlango akielekeza kwa sauti, kushoto, kulia, vuta, legeza. Mwenzangu akasimama mbele ya kioo. Upande mmoja mtu, upande mmoja taa ya mezani. Akajitazama. Akajitazama tena.

Akasema: "Umenivisha mwavuli, wewe bawabu asiye na mlango?"

Yesu na Maria! Nilitaka kupiga ngoma!

Akaendelea! Kwamba nikifa atanizika na milango miwili ili nisikose kazi. Kwamba Cherehani ashone na mwavuli wa kwake, maana mvua ikinyesha mtaani watajikinga chini ya mwanamke mmoja. Cherehani huko nje anacheka, anapiga ukuta.

Ameshinda macho siku nzima. Kakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono imeshikilia godoro huku na huku, nami nikampigia hadithi zote. Ya balozi aliyesahau viatu. Ya maharusi waliogombana ndani ya lifti. Anazijua zote. Kila mahali nilipoongeza chumvi alinishika: "Jana walikuwa wanne, leo wamekuwa kumi?" Tulicheka. Kushika godoro vile, nikasema moyoni, kweli kicheko kinamzidi nguvu.

Gauni lile ni dawa. Nimewashinda watu wa maabara! Nimempigia Kitinda kumwambia. Alifurahi, lakini akauliza, vidonge anameza? Nikamwambia anameza, nampa mwenyewe, kwa mkono wangu.


Jumamosi, 15 Machi

Macho siku nzima tena. Kanitukana kwa ajili ya chai. Chai nilimwaga makusudi.


Jumatatu, 17 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilikuwa nabadilisha foronya. Vidonge vikamwagika sakafuni. Vyote. Vya tangu Ijumaa, na kabla yake. Vimelainika, vimekauka tena, vimeshikamana na nyuzi.

Nikamuuliza, hiki nini? Akasema, "Unaona mwenyewe. Au mpaka viwe na kibao?"

Nikaketi. Gauni lile ni gauni tu. Linazuia nguo isimguse, basi. Moto wenyewe uko ndani, unawaka vilevile. Alikuwa anaungua huku ananicheka. Nilikwenda nikaangalia godoro. Ukingo wote una alama za kucha. Kitambaa kimechanika. Na mimi nilikaa hapo mbele yake nikisimulia mambo ya balozi na viatu, najiona bingwa!

Nikamuuliza kwa nini.

Akasema: "Nilikuwa nakusikia. Usingizini nakusikia. Unaongea peke yako jikoni. Unaiambia sufuria mambo ya hoteli. Nikasema huyu mzee nikilala zaidi atarukwa na akili."

Nikamwambia siongei na sufuria.

"Unaongea. Na unamdanganya hata sufuria."

Sikuweza kucheka. Akaweka kiganja kichwani kwangu, pale palipobaki bila nywele. Nimempa kidonge, nikamwambia afungue mdomo nione, anyanyue ulimi nione. Akafanya kama mtoto. Alilala kabla sijatoa glasi.

Nimeongea na Kitinda. Kafoka, dawa hizi haziachwi ghafla hivyo, ni hatari! Kampigia daktari. Daktari kasema basi zipunguzwe taratibu, hadi kidonge kimoja jioni. Mchana awe macho avumilie anavyoweza, jioni ameze apumzike. Ndiyo makubaliano. Mchana ni wangu, jioni ni ya kidonge.


Alhamisi, 20 Machi

Kitinda kaja baada ya kazi. Nimempeleka uani, mbali na dirisha. Nimemwambia, mwanangu, nimekuzaa, sijawahi kukuomba kitu. Niletee unga kidogo. Wa hiyo dawa yenu. Hata wenye mkia mbovu. Kijiko kimoja.

Akasema hapana.

Nikasema nusu kijiko.

Akasema hapana, Baba.

Nikamwambia, mama yako anachana godoro kwa kucha na wewe una dawa kabatini!

Akasema, si dawa, Baba. Ni unga mweupe ambao siku moja unaweza kuwa dawa. Ule wa mwaka jana ulikuwa mzuri. Ulikaa kitini, kila mtu alifurahi. Tukawapa panya. Maumivu yakatulia. Baadaye tulipowapasua, maini yao yalikuwa yameharibika. Unataka nimletee Mama ule?

Nikasema mama yako si panya.

Akasema, ndiyo maana.

Nimekasirika. Nimemwambia asinipigie simu.


Jumamosi, 22 Machi

Kapiga. Sikupokea.

Kapiga tena. Nimepokea lakini sikusema kitu. Mtu aliyekasirika hasemi. Akasema, najua upo Baba, nasikia pumzi. Nikazuia pumzi. Akasema, sasa umezuia. Akaanza kucheka, na mwenzangu huko kitandani akapaza sauti, "Mwanangu, mwambie baba yako apumue, uso umeanza kuvimba!"

Basi nikapumua. Akanialika Alhamisi niende kazini kwake. Nione mwenyewe. Nikamwambia nitafikiria. Nimeshapiga pasi shati.


Jumapili, 23 Machi

Mwenzangu anauliza nitavaa kofia ya hotelini? Nimesema hapana. Ninaivaa.


Alhamisi, 27 Machi

Naandika jikoni. Jua bado lipo, limeanza kuelekea kwenye bati la Cherehani. Niandike yote, kwa mpango, mpaka niwe tayari.

Nilifika kwao mapema. Mapokezini pana binti, nilimkagua. Anakaa vibaya lakini anasalimia vizuri. Nikamwambia mimi ni baba wa kiongozi. Akasimama. Wafunzwe hivyo wote!

Kitinda akanivisha koti jeupe na miwani mikubwa. Sikuivua kofia, koti likaja juu ya suti, nikawa bwana kweli. Kuna harufu kama ya rangi ya kucha. Makabati marefu ya vioo, ndani feni inavuta hewa juu, na wao wanaingiza mikono tu. Chupa za duara kama mapovu, zimeshikwa shingoni na makucha ya chuma. Ndani ya kila chupa kuna kisumaku kidogo kama punje ya mchele, kinacheza chenyewe, kinakoroga. Nilitazama kimoja muda mrefu. Hakichoki!

Akanieleza wanavyoijenga. Kipande kwa kipande. Wanachukua kitu hiki, wanakishikiza kwenye kile, wanapasha, wanapoza, wanachuja, wanakausha, wanapima kama kweli kimeshikana. Kisha kipande kingine. Wakikosea katikati wanarudi mwanzo. Mwisho wa yote, chupa iliyokuwa imejaa imebakiza vumbi jeupe la kujaa ukucha. Nikamuuliza, kazi yote ile kwa hiki? Akasema, siku nzuri ndiyo hii.

Yupo mwenzake mmoja mwembamba, wanamwita Mizani kwa sababu hata chai yake huipima. Alikuja kwa haraka na karatasi mkononi. Akaniamkia shikamoo kwanza, mtoto mwenye adabu, halafu akamwonyesha Kitinda karatasi. Kitinda akasoma. Akasoma tena. Akakaa kwenye stuli.

Imekaa! akasema. Baba, imekaa!

Wameutafuta mkia ule mwaka mzima, na wameupata. Mkia unaojikunja. Ikiwa njiani, mkia uko wazi, bawabu wa kichwa anauona, anaurudisha. Ikifika kitini, mkia unajikunja upande, na molekuli inakaa pwata! Kama mtu anayeshusha mkoba miguuni. Imekaa kitini na kichwani haikuingia. Panya wamepewa, wanakimbia kwenye gurudumu, macho makavu, wanagombea chakula. Hawasinzii. Watu wa chumba kizima wakakusanyika. Mizani akaruka, yeye asiyemwaga chai! Akaniambia, mzee, kwenye chupa ina nambari ndefu, lakini sisi humu ndani tunaiita Gazeti. Kwa ajili ya hadithi yako.

Nikawaambia hadithi yote. Wakacheka. Niliongeza mkuu wa majeshi, hakuwepo, lakini ilifaa.

Halafu Kitinda akanipeleka dirishani, tukabaki wawili. Chupa ndogo mkononi mwake. Nikaitazama. Sikuomba. Nilijizuia kuomba, aliona.

Nikamuuliza, lini?

Akasema, kwanza panya, muda mrefu, tuone maini. Halafu wanyama wengine. Halafu watu wachache wenye afya. Halafu wagonjwa wachache, halafu wengi. Na popote hapo inaweza kutushinda, tukarudi kwenye chupa.

Nikasema, nimekuuliza lini.

Akasema, ikienda vizuri, Baba, kila hatua ikienda vizuri, miaka kumi. Zaidi.

Nikasema, mama yako...

Akasema, najua umri wa Mama, Baba.

Akavua miwani yake. Akaifuta. Akaivaa, akaivua tena.

Nikasema, sasa unamtengenezea nani?

Akasema, mama wa mtu.

Nilitaka kumfokea. Naapa nilifungua mdomo nimfokee. Nikaona kola ya koti lake imekunjika nyuma, nikainyoosha. Nilikuwa nainyoosha hivyohivyo akienda shule, anahangaika, ananiambia Baba nachelewa. Leo hakuhangaika. Alisimama tu mpaka nikamaliza, na sikuwa na haraka ya kumaliza. Nikamwambia, mama wa mtu ana bahati.

Akaniuliza, nimwambie mimi au utamwambia wewe?

Nikasema, mimi! Nani mwingine? Maisha yangu yote nimesema na watu. Nimewaambia mabalozi kwamba vyumba vimejaa, wakaondoka wakinishukuru. Niachie mimi.

Ndivyo nilivyosema. Kwa mdomo huu.

Nimerudi. Yuko macho, kakaa ndani ya mwavuli wake, kavaa hereni. Kajipamba kusubiri habari. Sijaweka hata kofia chini: "Imekaa?"

Nikasema imekaa.

Alipiga makofi, mara moja tu, mkono ukarudi kushika godoro. Akataka yote. Nikampa yote: visumaku, Mizani kuruka, mkia unaojikunja, panya kwenye gurudumu. Akacheka kuhusu Gazeti mpaka akaumia, akasema nyamaza kidogo, nikanyamaza, akasema endelea. Akasema, "Mwanangu yule. Tumbo langu hili limetoa mtu." Nikasema, akili ni za kwangu. Akasema, "Za kwako ni zile za kusimama."

Halafu akauliza: "Lini?"

Nikasema ngoja nilete maji ya kidonge.

Maji ninayo mbele yangu. Kidonge nimekishika. Rangi yake imeanza kunishika kiganjani.

Kapaza sauti kutoka kule: hamezi leo mpaka nimjibu. Maana kama ni wiki chache, anasema, afadhali avumilie hata na jioni, akae macho. Asipoteze siku zingine kwa kulala. Nikapaza sauti: maji ya moto, nayapoza! Maji ni ya mtungini.

Nitasemaje?

Nimejaribu hivi: Daktari wa panya kasema mambo yanaendelea. Hapana, atanicheka.

Nimejaribu: Bado kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Atauliza. Huyu huuliza.

Nimejaribu: Karibuni. Neno zuri. Halitaji siku. Nimelisema mlangoni maisha yangu yote, karibuni, karibuni, hata kwa watu ambao kwa kuwaangalia viatu tu nilijua watarudishwa mezani. Walipita wakitabasamu. Lakini wale sikuishi nao. Wale hawakukaa kwenye ukingo wa kitanda wakichana godoro siku baada ya siku kwa sababu ya neno langu moja.

Nikisema kweli, atameza. Atameza kila jioni, labda na asubuhi arudie, na atalala, na ataniambia asante.

Nikisema karibuni, hatameza.

Jua limefika kwenye bati. Ananiita. Nimesema nakuja.

Kitanda kimelia. Sasa miguu yake. Anakuja mwenyewe, kiganja ukutani, vyuma vya mwavuli vinagonga mlango wa chumba. Polepole hivyo, anaumia. Nimefungua mdomo nijaribu jibu kwanza peke yangu, kwa sauti ndogo, nisikie linavyotoka...